Mbuzi Aliyenyonya kwa Mbwa wa Kibirizi

Jino langu la kwanza kung'olewa lilikuwa zima. Baba alinitoa Simbo asubuhi, tukaenda kwa miguu mpaka Ujiji, shavu langu limevimba kama nimeficha limau. Njia nzima alisema neno moja tu: "Ukilia mbele za watu nakuacha huko huko." Fundi wa meno alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya duka la vitenge, ana ndoo ya maji na koleo, na koleo lile lile ndilo alilokazia nyororo za baiskeli, maana baiskeli nazo alizitengeneza. Akaniambia fungua. Nikafungua. Kabla sijajua nifunge saa ngapi, jino likawa kwenye kiganja chake. Akaligeuzageuza juani, akasema, "Mbona hili ni zima?" Baba hakugomba. Baba hakuwa mtu wa kugomba na mafundi. Akasema tu, "Ng'oa na lingine." Basi nikarudi Simbo na mashimo mawili, na sikulia, na baba hakunisifu.

Nalitaja kwa sababu tangu siku ile natafunia upande mmoja, na meno yaliyofuata hayakuja kunisaidia sana. Penye sinia mimi ni wa mwisho siku zote. Wenzangu wanakula kwa kasi, macho yamezama kwenye wali; mimi natafuna huku natazama watu. Shule niliishia darasa la tatu, lakini kutazama watu wakila nimesoma sana. Nimeona mtu anavyoficha paja la kuku chini ya pilau ili jirani asilione. Nimeona sheikh mmoja mkubwa akimeza mfupa kwa aibu. Na niliona, Alhamisi moja, uani kwa kaka yangu mkubwa pale Kasingirima, jambo ambalo wenzangu waliokuwepo leo wanasema halikuwa hivyo. Lilikuwa hivyo.

Lakini siwezi kuanza na sinia. Lazima nianze na mbuzi, na mbuzi siwezi kumsema bila mbwa, na mbwa alikuwa wa Kibirizi, kule ufukoni.

Alikuwa jike, rangi ya vumbi, sikio moja limechanika. Hakuwa wa mtu. Sisi Waislamu wa huku hatufugi mbwa, na wale Wakristo wanaofuga hufugia nyumbani, si ufukoni. Alikula vichwa vya samaki na kilichoanguka kwenye magunia. Mimi wakati huo nilikuwa mchukuzi, nabeba dagaa kutoka mchangani hadi kwenye malori. Mbwa akazaa chini ya boti iliyopinduliwa kwa matengenezo. Watoto walipoanza kutembea, wakaanza kukanyaga dagaa walioanikwa. Akina mama wakalalamika, na haki yao, dagaa aliyekanyagwa na mbwa utamuuzia nani? Mtu mmoja akawakusanya wale watoto kwenye gunia, akaingia nao majini hadi kifuani, akarudi na mikono mitupu. Mbwa akazunguka ufukoni, chuchu zimejaa hadi zinadondosha, ananusa chini ya kila boti. Watu wakamcheka. Na mimi nilicheka kidogo, maana alinusa hadi kwenye viatu vya karani.

Juma lile lile zikaja boti za ng'ambo ya ziwa. Ile ndiyo miaka ya wakimbizi, tulikuwa hata hatushangai tena; unaamka unakuta ufuko umejaa watu wameketi kimya, wanatazama walikotoka. Huyu amebeba godoro, huyu sufuria. Bibi mmoja alishuka na mlango wa nyumba yake, mlango mzima na bawaba zake, na alipoulizwa wa nini akasema, "Nyumba imeungua, ningeuacha unafunga nini?" Mwanzoni tuliwapokea vizuri, nisiwasingizie watu wangu. Tuliwapikia uji, wake zetu walitoa kanga. Huruma yetu ilikuwa ya moto kweli ilipokuwa mpya.

Katika boti moja akashuka kijana wa Rumonge, Mwislamu, anaongea Kiswahili chenye Kirundi ndani yake, kabeba mbuzi shingoni. Mbuzi ana mimba. Hakuwa na kitu kingine. Nikamwambia, "Ndugu, wenzako wamebeba vyombo, wewe umebeba kitoweo?"

Akasema, "Oya," yaani hapana kwa Kirundi, "si kitoweo. Ni wa mama."

"Na mama yuko wapi?"

Akamtazama mbuzi. Sikumuuliza tena.

Yule mbuzi alizaa kesho yake nyuma ya nyavu, akazaa mtoto mmoja dume, kisha akafa tumbo limejaa kama ngoma. Pengine ni maji, pengine ni tabu za boti. Kijana akabaki na kitoto cha mbuzi kilicholowa. Akakichovyea kidole kwenye uji, kikanyonya kidole kikaacha. Malori ya kuwapeleka kambini yalipokuja kuwachukua wenzake, yeye alikuwa nyuma ya maboti amepiga magoti anabembeleza mbuzi anywe. Malori yakaondoka. Ndivyo alivyobaki kwetu. Hakuna ujanja alioufanya.

Asubuhi iliyofuata nimefika kazini namkuta amechuchumaa, mkono mdomoni. Yule mbwa amelala ubavu juu ya nyavu kuukuu, na kile kitoto cha mbuzi kimepiga magoti ya mbele kinanyonya. Kinasukuma kwa kichwa kama mbuzi wanavyosukuma, na mbwa anaumia, unamwona anaumia, lakini ametulia. Mara anainua kichwa anakilamba mkia.

"Usimfukuze," kijana akaniambia kwa sauti ya chini.

"Nani, mbwa au mbuzi?"

"Yeyote."

Tukakaa pale mpaka nikaitwa kwa matusi nikabebe mizigo.

Yeye alikuwa mtu wa dini hasa. Kila mbwa alipomlamba mkono, alikwenda kuosha mara saba, moja kwa mchanga, kama tulivyofundishwa. Na mbwa alikuwa mwenye kulamba. Nikamtania, "Utamaliza ufuko wote huu." Akajibu, "Mchanga ni mwingi, kaka. Mbuzi ni mmoja."

Habari ikaenea. Watu walikuja kutazama kutoka Mwanga na Gungu, hadi mabwana wa ofisini walioletwa kikazi kutoka mikoa mingine, na wake zao wamefunika pua kwa harufu ya dagaa. Na aliyewaleta wengi ni kaka yangu mkubwa. Kaka alikuwa mfanyabiashara wa dagaa, anatuma magunia mbali, na kila mteja aliyekuja alimshika mkono kumpeleka penye nyavu. "Njoo uone huruma ya Mungu," anasema. "Mwanadamu angetaka kwanza ujue kabila lake." Maneno mazuri, nayakumbuka yote. Siku moja aliinama akamshika yule mbuzi kichwa wakati ananyonya, akamwombea dua. Mimi nilikuwepo nimebeba gunia, nikamsubiri amalize dua anipishe.

Kaka ameshafariki. Mungu amsamehe. Mimi bado.

Basi kaka akampa yule kijana kazi ya kulinda dagaa wake wasiliwe na kunguru. Mbwa naye akaajiriwa bila mshahara, akawa anakimbiza kunguru. Mbuzi akakua, akaacha maziwa, akaanza kupanda vilimani kula majani na mbuzi wa watu, lakini jioni anarudi kwa mama yake wa kunyonya, analala kama yeye, kidevu juu ya miguu ya mbele. Akitishwa na pikipiki hakukimbilia mbuzi wenzake, alikimbia kujificha nyuma ya mbwa, ingawa kwa wakati huo alikuwa ameshamzidi urefu. Akanenepa. Ukimpita unasema huyu ni mbuzi wa tajiri.

Dada yangu ndiye tuliyefuatana naye kuzaliwa. Alikuwa mjane mwenye binti mmoja, na alikuwa anaanika dagaa pale pale. Mdomo wake mkali, hata marehemu mumewe alikuwa akitoka kuvua anapitia kwanza kwangu kuuliza hali ya hewa ya nyumbani. Siku za kwanza alimchokoza yule kijana kutwa.

"Wewe mwenye mke mbwa na mtoto mbuzi, leo familia imekula nini?"

"Imekula salama, dada. Na wewe usiye na mbwa?"

Akina mama wakaangua kicheko. Dada hakuzoea kujibiwa. Nikamwona anajifunga kanga upya, nikajua. Baada ya miezi kadhaa akawa ndiye anayempelekea chakula, anakiweka chini mbali kidogo kama vile amekisahau.

Kijana akaja kwangu kwanza, kwa heshima, shikamoo ndefu ingawa hatukupishana sana umri. Akasema anamtaka dada yangu kwa ndoa. Nami nikampeleka kwa kaka, maana baba hayupo tena na kaka ndiye mwenye neno. Kaka akakubali. Akasema kijana ana adabu na hanywi. Na wakati huo palikuwa na amri kwamba kila wa ng'ambo aende kambini, watu wanachukuliwa hata majumbani walimopangishwa. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa ametuambia wazi: huyu akioa kwenu, akikaa ndani ya nyumba yenu, mimi namjua kuwa mtu wenu. Asipooa, lori likija sitasema kitu. Kwa hiyo ilikuwa ndoa au lori. Hapakuwa na la tatu, na dada yangu alijua, na yeye alijua.

Sasa kuna desturi yetu. Ndoa ni kwa sheikh, sawa, lakini mgeni asiye na ukoo, kabla ya nikaha, analetwa ale sinia moja na wazee. Wakishatia mikono pamoja naye kwenye chombo kimoja, hakuna wa kumuuliza tena alikotoka. Wasipotia, hata nikaha isomwe vipi, huyo ni mpangaji. Kaka akapanga wazee waje kutoka Simbo Alhamisi, Ijumaa isomwe nikaha.

"Nyama utatoa wewe," kaka akamwambia mbele yangu.

"Kaka, mimi sina kitu."

"Una mbuzi."

Kijana akatazama njia ya ufukoni. Kisha akasema, "Yule?"

"Kwani una mwingine?"

"Unamjua yule mbuzi, kaka."

"Namjua kuliko wewe," kaka akasema, akacheka, akampiga begani. "Mbuzi yule ana baraka."

Hayo yalisemwa barazani, mchana, mimi nimekaa hapo naondoa mwiba mguuni.

Alhamisi akamleta mwenyewe kwa kamba. Mbwa akafuata nyuma, hakuna aliyemwita. Kijana akaniomba nimshike mbwa nje ya uzio, nami nikamshika kwa kamba, ingawa mwenzenu sina mazoea na mbwa. Mwalimu wa madrasa akachinja. Kijana ndiye aliyeshika miguu. Sikuona, nilisikia. Mbwa hakubweka. Kijana alipotoka kuja kunawa, uso umemlowa, akasema ni jasho, nikasema ndiyo, jua kali, nikamvua mbwa kamba, akabaki pale pale nje ya uzio.

Ndani dada amepakwa hina, amekaa karibu na dirisha la uani mikono imenyooshwa mbele asiguse kitu. Ananiuliza kwa kunong'ona, "Wazee wamefika? Wamekaaje? Wanamwongelesha?" Namwambia tulia wewe, hina itaharibika.

Wazee wakafika, na mjomba wetu ndiye mkubwa wao. Mjomba alikuwa mtu wa shamba, hafiki Kibirizi mwaka hadi mwaka, hajui habari ya mbuzi wala ya mbwa. Tukakaa mkekani: mjomba, kaka, mwalimu wa madrasa, jirani mmoja wa kaka mwenye mzaha mwingi, mimi, na kijana. Wazee wengine sinia lao pembeni. Mjomba akamkaribisha kijana akae mkono wake wa kulia. Akamuuliza kwa Kiha habari za ng'ambo, kijana akajibu kwa Kirundi, wakaelewana, wakacheka. Nikasema moyoni imekwisha, tumepata shemeji. Bismillahi. Mikono ikaingia. Nyama ilikuwa laini, hata mimi niliiweza.

Mjomba akasifu. "Mbuzi huyu mmemtoa wapi? Amenona kama amelelewa na mama wawili."

Jirani akashindwa kujizuia. "Ni kweli, mzee, wa pili ndiye yule pale nje ya uzio. Kula taratibu, usije ukabweka usiku."

Akacheka peke yake. Mjomba akauliza, kunani? Jirani akaeleza, tena kwa furaha, akidhani anasimulia kitu kizuri kama kaka alivyokuwa akikisimulia. Mjomba akatema tonge kwenye kiganja. Akalitazama. Akaondoa mkono kwenye sinia, akamgeukia kaka.

"Umeniita nile maziwa ya mbwa?"

Kijana naye akamtazama kaka. Hakuwa na wasiwasi, hilo ndilo linaloniuma. Alimtazama kama unavyomtazama mtu anayeshika ufunguo mlango ukiwa umefungwa. Alingoja tu afungue.

Kaka akasema, "Sikujua, mjomba. Wallahi sikujua kama ndiye huyu." Kisha akamgeukia kijana kwa sauti ya watu wote kusikia: "Kumbe ndivyo ulivyo? Tunakupokea, unatulisha najisi?"

Nikasema, "Kaka, si wewe uliyekuwa unaleta watu kumtazama? Si uliomba dua umemshika kichwa?"

"Nyamaza, mwenye meno matatu. Wewe tafuna."

Sinia la pembeni wakacheka. Kicheko hicho kilimaliza maneno yangu.

Mwalimu wa madrasa hakutoa mkono wake. Akasema, "Mjomba, huyu mnyama amenyonya utotoni, kisha amekula majani mwaka na zaidi. Nyama yake ni halali. Nimechinja mimi. Nisingechinja haramu." Akamega nyama akaila mbele yao.

Mjomba akasema, "Mwalimu, sikatai. Wewe unasema ya kitabuni, mimi nasema ya tumboni. Tumbo langu limekataa." Akasimama, akanawa. Kaka, jirani na wazee wengine nao wakanawa, mmoja baada ya mwingine, hata wale waliokwisha shiba. Mmoja, nilimwona, alilamba vidole kwanza.

Tukabaki watatu kwenye sinia: mwalimu, mimi na yule kijana. Mimi niliendelea kula. Sisemi kwa kujisifu, nilikuwa na njaa, na nyama ile ilikuwa na haki ya kuliwa. Kijana tonge lake lilikuwa bado mkononi. Akamwambia kaka taratibu, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kitu alichosahau kweli, "Kaka, ulisema ana baraka."

Kaka akapandwa na hasira, nadhani kwa sababu ilikuwa kweli. Akainua vipande vya nyama kwenye sinia kwa mikono miwili, akaenda navyo penye uzio. "Haya, mpelekeeni mama yake!" Akamtupia mbwa.

Watu wanaoisimulia habari hii siku hizi, na wapo wengi pale Kibirizi, wanasema mbwa alinusa akakataa, akalala kando ya nyama akalia machozi. Nilikuwepo. Mbwa alikula. Alikuwa na njaa kama mimi, akala haraka haraka kama anavyokula mbwa asiye na mwenyewe, akalamba mchanga, akainua kichwa kuangalia kama kuna zaidi. Yeye hakujua. Alikuwa amempa mtoto wa watu maziwa yake bila kuuliza ni wa nani, na hiyo nyama aliyotupiwa hakuuliza ni ya nani. Sisi tuliojua yote ndio tuliofanya tuliyofanya.

Kijana akamtazama mpaka akamaliza. Ndani, dada ameshasikia, anauliza dirishani, "Kuna nini? Mbona wameinuka?" Mama yake mdogo anamvuta nyuma, hina, hina.

Kijana akaliweka tonge lake kwenye sinia, pembeni, polepole, lisimwagike. Akanawa mikono. Alinawa mara moja tu. Akamshukuru mwalimu kwa kuchinja. Akamwambia mjomba, "Tusameheane, mzee." Mjomba akatazama mtende wa uani.

Nikamfuata hadi mlangoni. Nikamwambia, "Shemeji, kaa. Wazee hukasirika na hupoa. Kesho Ijumaa." Akanitazama kwa upole, akavaa kandambili zake. Kamba ya mbuzi ilikuwa bado imetundikwa kwenye msumari wa mlango. Akanyoosha mkono, akaigusa, akaiacha pale pale.

Dada akaponyoka mikononi mwa mama mdogo, akatokeza kichwa chote dirishani, hina imechafua hadi fremu. "Wewe!" akaita. "We mtu wa Rumonge! Unakwenda wapi?"

Yeye alikuwa ameshashika njia ya kuteremka ziwani. Alitembea kama mtu anayekwenda kazini, si haraka, si polepole. Mbwa akainuka, akamfuata hatua chache, akageuka kuangalia uani kama kuna kingine kitakachotupwa, akaketi katikati ya njia. Kijana akapita kona ya duka la mafuta ya mawese. Hakurudi tena.